Jinsi ya Kufundisha Kiingereza kwa Miguu

Mwalimu mwenzangu, pole. Najua ilivyokuwa. Basi la kutoka Songea lilikufa njiani, ukachelewa kikao cha kugawana vipindi, na ulipoingia ofisini Hisabati ilishapata mtu, Kuandika kulishapata mtu, hata michezo ilikuwa na mwenyewe. Kilichobaki mezani kilikuwa Kiingereza cha darasa la kwanza. Zamani kidogo usingepata taabu: watoto walimaliza kwanza miaka miwili ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kiingereza kikawangojea darasa la tatu. Mtaala wa 2023 umekiteremsha hadi la kwanza, na la kwanza ndiyo wewe.

Watoto wenyewe umeshawaona. Wa milimani, upande wa Mbinga, wanakuja shuleni na Kimatengo cha nyumbani. Wa ufukweni, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wana Kinyasa, Kimpoto au Kimanda. Kiswahili wengi wao wanakishika vizuri hapo hapo shuleni. Kwa hiyo Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, na wa kuwaletea lugha hiyo ni wewe, ambaye Kiingereza chako, tuseme kweli kwa kuwa tuko wawili tu, kina kutu.

Usihuzunike. Ipo njia ya kufundisha kwa mwili: mwalimu anaamuru, mtoto anatenda, na hakuna anayelazimika kufungua kinywa. Inataka maneno kumi na mawili. Mimi nimekula mshahara miaka minne kwa maneno tisa. Fuata hatua hizi na utastaafu salama.

1. Jua majina kabla ya maneno.

Kabla hujamwambia mtoto hata mmoja asimame, jifunze majina ya wakubwa wa njia hii, maana hayo ndiyo utakayotumia ofisini. La kwanza ni James Asher, mwanasaikolojia wa San José, California. Miaka ya 1960 alifanya majaribio kwa kuwaamuru Wamarekani kwa Kijapani na Kirusi, wakawa wanasimama, wanatembea na kukaa, na mwaka 1977 akatoa kitabu. Njia yake hufupishwa kwa herufi tatu. Wewe tamka “Ti-Pi-Ara”, upesi, kama mtu anayetaja dawa aliyokwisha kuitumia. Ukiulizwa kirefu chake, kohoa.

Afisa Elimu Kata akionekana ana hamu zaidi, mwongezee Harold Palmer na Dorothée Palmer, waliochapisha kitabu cha Kiingereza kwa vitendo huko Tokyo mwaka 1925. Akizidi kukaa, mpige na François Gouin. Huyu alikuwa mwalimu Mfaransa wa karne ya 19 aliyekwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Akakariri sarufi, akakariri vitenzi, akakariri kamusi nzima. Akiingia ukumbini kusikiliza mhadhara, hapati hata neno. Akarudi kwao amenyong'onyea, akamkuta mpwa wake wa karibu miaka mitatu anaongea Kifaransa bila shida. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona mashine ya kusaga. Aliporudi nyumbani akaanza kuicheza: anajaza mifuko, anabeba, anasaga, na kila anachokifanya anakisema. Gouin akajenga njia yake yote juu ya mchezo ule.

Ikumbuke hadithi hii, lakini isimulie kwa uangalifu. Msikilizaji mwenye akili anaweza kukumbuka kwamba hapa Mbinga kila msimu wa kahawa watoto wanacheza mchezo huo huo: wanamenya kahawa za kokoto kwa mashine ya debe, wanaosha, wanaanika, wanagombana bei, na maneno yote ya kazi wanayo bila kufundishwa na yeyote. Halafu atakuuliza kwa nini darasani kwako hakuna kinachofanana na hicho. Hapo aga, useme una zamu.

2. Chagua amri chache, na usibadili mpangilio wake hadi kufa.

Zangu zilikuwa stendapu, jampu, tani raundi, sidauni. Zipange hivyo Januari na uziache hivyo hadi Desemba. Watoto wetu wana vipaji vya ajabu katika jambo hili. Wamelelewa na mchakamchaka. Wiki ya pili hawakusikilizi tena: wanahesabu. La kwanza kusimama, la pili kuruka, la tatu kuzunguka, la nne kukaa. Ukipita dirishani utadhani ni darasa la London.

Hatari ni kujisahau. Katika shule moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja kwa kuwa nataka kurudi kula mbasa kule, niliamka na homa nikaanza na “jampu”. Watoto 85 wakasimama wima. Mmoja akaruka. Alikuwa binti wa safu ya nyuma, mtoto wa mama anayeanika dagaa, mdogo kuliko begi lake. Akaruka peke yake, akatua, akawatazama wenzake kwa mshangao, kisha akanitazama mimi.

Mtoto wa namna hiyo yupo katika kila darasa. Anasikiliza. Usimpige wala usimkemee, utamfanya ajulikane. Mpe heshima. Mteue kuwa mtunza vitabu vya kiada, na kila kipindi cha Kiingereza kinapoanza, mtume avibebe hadi ofisini, akae navyo huko avilinde. Mimi nilifanya hivyo na nikapata utulivu wa miezi mingi.

3. Tenda wewe mwenyewe, na usiache kutenda.

Hapa Asher na mimi tunaachana njia. Yeye anataka mwalimu aamuru huku akitenda, mara chache tu, watoto wakifanya pamoja naye, kisha ajiondoe. Akae kimya na mikono yake, atoe amri kwa mdomo peke yake, aone nani ameelewa. Unaona mtego ulipo? Ukijiondoa, mtoto anabaki na sikio lake tu, na sikio haliwezi kuazima.

Basi usijiondoe. Inuka ukisema simama, chuchumaa ukisema kaa. Mwenye macho hahitaji lugha. Nililijaribu hili kisayansi: siku moja nilisimama mbele ya darasa na kutamka kwa lafudhi ya mtangazaji wa BBC, “Kigonsera!” huku nikiinua mikono. Darasa zima likasimama. “Maguu!” nikaruka, wakaruka. “Litembo!” nikazunguka, wakazunguka. Tukaitembea wilaya nzima ya Mbinga bila mtu kutoka kwenye dawati lake, na mwalimu mkuu aliyekuwa akipita barazani akanionyesha dole gumba.

Wala usione haya, jambo hili lina ukoo wa heshima. Babu yangu alisali Misa ya Kilatini tangu alipobatizwa hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 hadi 1965, ulipofungua mlango kwa lugha za watu. Miaka yote hiyo alipiga magoti panapostahili, akasimama panapostahili, akajipiga kifua kwa wakati wake. Hakuna padri aliyempa mtihani. Misa ilipogeuzwa Kiswahili, babu alisema ndiyo kwanza anajua alichokuwa anakiungama, na kwamba baadhi ya mambo hakuyatenda.

4. Weka injini mbele.

Tafuta mtoto wa nesi au wa afisa kilimo aliyehamia kutoka mjini, aliyeanzia shule ya kulipia. Huyo anajua. Mkalishe safu ya kwanza, katikati, mahali panapoonekana na wote. Yeye ndiye injini, wengine mabehewa. Ukisema “tachi yo nozi”, yeye anagusa pua, nyuma yake watatu wanagusa pua, na nyuma yao wanane. Kuna kuchelewa kidogo, kama wimbi la ziwa linalofika mchangani. Mgeni akiuliza, mwambie lile ni wimbi la ufahamu. Nilimwambia mmoja hivyo, akaliandika.

Ukitaka kuona utaratibu huu ulivyokomaa, nenda ufukweni siku mganda unapochezwa. Wanaume wamejipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, firimbi mdomoni mwa kiongozi, ngoma kubwa inapigwa, na malipenga ya vibuyu yanavuma kama mzinga wa nyuki. Ngoma hii imetokana na gwaride la askari, na ilishamiri pande zote za ziwa, huku kwetu na Malawi, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vijana waliona watu wanapigiwa kelele kwa lugha ngeni na wanageuka kwa pamoja, wakaipenda ile kugeuka. Wakachukua miguu, kelele wakaziacha kambini. Sasa mtazame mtu wa mwisho kwenye mstari. Hamsikilizi kiongozi wala ngoma haimhusu. Macho yake yako kwenye kisigino cha mwenzake aliye mbele. Anapendeza kuliko wote na anashangiliwa na wakwe zake. Darasa lako liwe na watu 80 wa mwisho na mmoja wa mbele.

5. Tumia nchi uliyopewa.

Milimani, Juni na Julai, baridi inakuwa ya kung'ata. Hapo njia hii ni neema: watoto wanaruka wanapata joto, wewe unaruka unapata joto, na wazazi wanasema mwalimu huyu anajituma. Ila uwanja ukiwa mteremko, kama ulivyo mwingi Umatengoni, usiamuru kuruka kuelekea bondeni. Nilimpoteza mtoto kwenye mibuni kwa dakika ishirini.

Ufukweni kipindi kifanyie chini ya mwembe, karibu na mahali mitumbwi inapofikia. Mitumbwi ikiingia, nusu ya darasa inageuza shingo. Wewe piga kelele hapo hapo, “tani raundi!” na utakuwa na mafanikio ya asilimia mia.

Masika mvua inapopiga bati hakuna amri inayosikika, kwa hiyo hakuna amri inayokosewa. Panga mitihani yako ya kusikiliza mwezi Machi.

6. Kimbia amri zilizochanganywa.

Asher ana tabia moja mbaya. Watoto wakishajua “simama”, “tembea”, “gusa”, “dirisha” na “kitabu”, yeye anawachanganyia: tembea hadi dirishani, weka kitabu kichwani, rudi ukakae kwenye kiti cha rafiki yako. Ni sentensi ambayo mtoto hajawahi kuisikia maishani, na hakuna wa kumwiga, maana ni upuuzi mtupu. Watoto wanacheka hadi wanapaliwa. Na aliyeielewa unamwona, kwa sababu ana kitabu kichwani. Njia hiyo haimfichi mtu. Haimfichi hasa mwalimu, ambaye inabidi awe na sentensi mpya kila dakika.

Usiulize kama inafanya kazi. Bila shaka inafanya kazi! Mama yeyote wa hapa anamwambia mtoto wa mwaka mmoja na nusu “leta kata”, na kata inaletwa na mtoto asiyejua kusema “kata”. Mtazame mtoto anavyojifunza shamba la ngolo. Kwanza nyasi zinafyekwa na kulazwa miraba miraba juu ya mteremko. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi, hadi mlima mzima unakuwa kama sega la asali, matuta kandokando na shimo katikati ya kushika maji ya mvua. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata msimu wake. Mtoto anamfuata mama yake na kijembe: lete, laza hapa, siyo hapo, funika, ruka shimo. Hakuna aliyewahi kumwambia “rudia baada yangu”. Akifika umri wa kuoa au kuolewa ana kazi nzima na maneno yake yote, na ukimpa mlima mwingine, ambao mama yake hakuwahi kuukanyaga, analima.

Nimepitiliza. Turudi kwenye wizi wetu.

7. Ukimya ni mali, uutunze.

Hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo wanasayansi wamempa mwalimu mchovu. Asher anasema usimlazimishe anayeanza kuzungumza: aachwe asikilize na kutenda kwa saa nyingi, na maneno yatatoka yenyewe yakiiva, kama yanavyomtoka mtoto mchanga. Yeye alikusudia majuma au miezi. Hakutaja mwisho kwa tarehe, na alikosea.

Mzazi akija Juni kukuambia mwanawe hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza, mjibu kwa upole, “Mama, yuko kwenye kipindi cha ukimya.” Akija mwaka unaofuata, mwambie ukimya umekomaa. Mwalimu wa darasa la tatu akilalamika kwamba umempelekea mabubu, mwambie umempelekea wasikilizaji. Hadi la sita mtoto ataondoka zake, na ukimya wake utakuwa mali ya sekondari, ambako masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza na ukimya unaitwa nidhamu.

Kuna mjuaji atakayekuuliza unafundishaje kwa miguu neno kama “labda”, au “haki”, au “juzi”. Kweli, hayarukiki. Njia hii ni ya wanaoanza, wenyewe waliotunga wanakubali, na mwalimu wa kweli huichanganya na hadithi, picha na mazungumzo. Wewe mwambie mjuaji huyo kwamba darasa lako bado linaanza.

8. Siku ya wathibiti ubora.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Andalio la somo liwe limejaa, neno “umahiri” lisipungue mara sita. Zana ziwe ukutani: maboksi, vizibo, picha ya mwili wa binadamu uliyochora mwenyewe, yenye vidole sita ikibidi. Firimbi shingoni. Injini safu ya mbele.

Nikueleze ilivyokuwa kwangu ili usijikwae nilipojikwaa. Walikuja wawili, mkubwa na kijana. Asubuhi hiyo nikaambiwa injini yangu imepelekwa Songea kwa shangazi yake. Sikutetereka, nilikuwepo mimi. Wale wageni wakaketi nyuma, na kwa kuwa mkubwa aliomba kuona vitabu vya kiada, vikarudishwa darasani, na mlinzi wake akarudi navyo.

Stendapu, jampu, tani raundi, sidauni. Kama maji. Mkubwa akatabasamu na kuandika. Tukagusa pua, tukagusa masikio, mimi nikitangulia. Nilikuwa nimeshaanza kufuta ubao, yule kijana akainua mkono.

“Mwalimu, hongera sana. Nilisoma kwamba katika njia hii mwanafunzi akishaiva, yeye ndiye anayeamuru. Tunaweza kuona mtoto mmoja anamwamuru mwalimu?”

Nikasema hawa wana haya, ni malezi, mtoto wa hapa hamwamuru mkubwa. Nikasema wako kwenye kipindi cha ukimya. Kule nyuma mkono ulikuwa juu tayari.

Akasimama, mdogo kuliko begi lake. Kwanza akanisalimu, kama alivyolelewa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, binti.”

Kisha akaniamuru. “Ticha, tachi yo elbo.”

Mwenzangu, neno hilo halikuwa katika yale tisa. Lilikuwa kwenye kitabu cha kiada, ukurasa wenye picha ya mwili, kitabu ambacho mimi sikukifungua mwaka mzima na ambacho yeye alikuwa amefungiwa nacho ofisini kila kipindi, hana la kufanya ila kufunua kurasa na, nilikuja kujua baadaye, kumsumbua mwalimu wa zamu amtamkie maneno.

Nikafanya anachofanya mtu wa mwisho kwenye mganda. Nikawatazama watoto nione wanagusa wapi. Watoto 85 wakanitazama mimi waone ninagusa wapi. Tukatazamana. Nje mtumbwi ulikuwa unaingia na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Nikagusa goti. Magoti 85 yakaguswa kwa mkupuo mmoja, bila wimbi, vizuri kuliko siku zote. Mthibiti mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika, nikayaona maneno yenyewe kwenye daftari lake: “Ushirikishwaji mzuri sana.” Yule kijana hakuandika kitu. Alikuwa amegeuka anamtazama binti, ambaye bado alikuwa amesimama, mkono wake wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto, ananingoja.